Maswali ya Wasomaji: Peke yako mashuani, pwani ya Ureno

Barua za mwezi huu zimetoka pande tofauti, lakini nyingi zinauliza kuhusu pwani moja: ile ya magharibi ya Ureno, kutoka Viana do Castelo hadi rasi ya Cabo de São Vicente, na kuizunguka hadi Lagos (mji wa Ureno, si ule wa Nigeria). Tumezijibu pamoja.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Lamu, ninafanya kazi Porto. Nimenunua mashua ya tanga ya mita 7, ina injini ndogo ya nje ya farasi 6. Mwezi wa Juni nataka kuishusha mwenyewe hadi Lagos. Wenzangu wananitisha kwa upepo. Je, upepo ndio wa kuogopwa?*
— Mlamu wa Porto

Upepo wa huko una tabia, na chenye tabia hupangiwa. Kiangazi chote huvuma wa kaskazini, wenyeji wanauita nortada. Chanzo chake ni mgandamizo mkubwa wa hewa uliotulia visiwa vya Azores, ukikutana na joto linalopanda katikati ya Uhispania na Ureno. Kwa kuwa joto la nchi kavu linauchochea, una saa zake: alfajiri ni mwepesi au hakuna kabisa, adhuhuri unaanza kuamka, alasiri unafika noti 20 hadi 25 (kilomita 37 hadi 46 kwa saa) au zaidi, na baada ya magharibi unalala. Wewe unaelekea kusini, kwa hiyo unakusukuma. Ng'oa nanga saa kumi na moja alfajiri na uwe umefunga chombo kabla ya saa tisa alasiri.

Cha kuogopwa ni mlango wa bandari. Bandari kadhaa za pwani hiyo ziko kwenye midomo ya mito na hori, na kila mdomo una fungu la mchanga. Wimbi kubwa la Atlantiki linalotoka mbali halisumbui chombo kwenye kina, ila likifika kwenye fungu linainuka na kuvunjika. Hapo usitazame kimo cha wimbi peke yake. Utabiri wa taasisi ya hali ya hewa ya Ureno, IPMA, unataja pia sekunde baina ya wimbi na wimbi, na ndizo za kusoma kwanza. Wimbi la kimo cha mita 2 lenye sekunde 7 lina urefu wa kama mita 76 kutoka kilele hadi kilele, nalo huanza kugusa chini kwenye kina cha mita 38 hivi. Mita 2 hizo hizo zikiwa na sekunde 14, urefu unakuwa zaidi ya mita 300, na linaanza kuhisi ardhi kwenye kina cha mita 150. Hilo la pili ukiwa nje hulioni kama kitu, chombo kinapanda na kushuka polepole tu. Mlangoni ndipo linaposimama wima.

Kisha ongeza maji yanayokupwa. Mto ukitoka na wimbi likiingia, wimbi hufupika na kusimama zaidi. Kwa hiyo mdomo wa mto huingiwa saa ya mwisho ya maji kujaa, na saa mbili za mwisho za kukupwa ni za kukaa mbali. Bamvua ya huko (tofauti ya maji kujaa na kupwa yakiwa makubwa) ni mita 3 na nusu hivi, haimtishi mtu aliyezoea maji ya Unguja au Lamu. Tofauti ni hilo wimbi.

Ndiyo maana safari ya mtu mmoja hupangwa kuanzia mwisho kuja mwanzo. Tafuta kwanza saa ya maji kujaa unakokwenda, toa saa za mwendo, ndipo upate saa ya kuondoka. Mashua ya mita 7 ihesabie noti 4, hata kama siku nyingine inakupa 5.

Milango ya Figueira da Foz na Aveiro ndiyo yenye sifa mbaya, na Póvoa de Varzim nayo siyo ya kujaribu wimbi likiwa kubwa. Mamlaka ya bandari hufunga mlango rasmi, au huufunga kwa vyombo vilivyo chini ya urefu fulani, na chombo chako kitakuwa miongoni mwa hivyo kila mara. Uliza kwa redio kabla hujafika, usisubiri kuona mwenyewe: ukiwa nje unatazama migongo ya mawimbi, na mgongo wa wimbi linalovunjika unaonekana laini. Leixões (bandari iliyo jirani na Porto), Peniche, Cascais na Sines zina kuta za kuzuia bahari na huingilika karibu hali zote za kiangazi. Hata Nazaré, maarufu kwa mawimbi yake ya kutisha, bandari yake ni ya kuaminika. Mawimbi yale huvunjika upande wa kaskazini wa rasi, Praia do Norte. Bandari iko kusini, na bonde refu la chini ya bahari linakuja karibu na mlango wake, kwa hiyo wimbi halipati ardhi ya kusimamia.

Kipande kigumu kwako ni Leixões hadi Figueira: maili za bahari 65 hivi, yaani saa 16 kwa noti 4. Ukiweza, kikate Aveiro, utie nanga ndani karibu na São Jacinto. Mlango wa Aveiro ukiwa umefungwa, usiondoke Leixões mpaka uwe na siku ambayo Figueira iko wazi na maji yanajaa jioni.

*Nimezoea dau na tanga la pembe tatu lenye foromali, ule mti wa juu unaolishikilia. Mashua hizi za Ulaya zina mti chini ya tanga. Nikiwa na upepo wa nyuma kuna hatari gani, na tanga hupunguzwaje na mtu mmoja?*
— Baharia mkongwe, Tanga

Kwenye dau, tanga likihamishwa upande kwa upepo wa nyuma ni kazi ya watu kadhaa, foromali husimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti. Huku tanga hujihamisha lenyewe, bila kuuliza. Upepo ukipita nyuma yake kidogo tu, mti wa chini unafagia kutoka ubavu hadi ubavu kwa kasi ya kuvunja fuvu au waya za mlingoti. Wenye chombo hufunga kamba kutoka ncha ya mti hadi omo (mbele ya chombo) kuuzuia. Mtu mmoja kwenye mashua ndogo, nortada ikiwa nyuma, tunamshauri jambo jepesi zaidi: tua tanga kubwa kabisa, nenda kwa tanga la mbele peke yake. Utapoteza nusu noti ya mwendo. Na usiende na upepo mgongoni kabisa, weka nyuzi 20 au 30 pembeni, chombo kitaacha kuyumba.

Kupunguza tanga kubwa huwa hivi. Pindisha omo kuelekea upepo hadi tanga lipepee. Legeza demani (kamba ya kuongozea tanga), na legeza pia ile kamba inayovuta mti wa chini kwenda chini. Wengi husahau hii ya pili, halafu wanashangaa kwa nini kamba ya nyuma, ile inayovuta pembe ya nyuma ya tanga kwenda chini, haiji. Shusha henza (kamba ya kupandishia tanga) mpaka alama (itie mapema, uzi mwekundu ulioshonwa kwenye kamba, si wino, unafutika). Tundika jicho la mbele la tanga kwenye ndoano yake. Kaza henza tena mpaka ukingo wa mbele uwe kama waya. Sasa ndipo uvute kamba ya nyuma, mwisho demani. Ukivuta ya nyuma kabla henza haijakazwa, mzigo wote unaangukia jicho moja na kitambaa kinachanika kuanzia hapo. Ufanye zoezi hili gatini mara kumi. Lisizidi dakika tatu.

Upepo wa nyuma hudanganya. Ukivuma noti 20 nawe unakimbia 5, usoni unahisi 15, na unajiona nahodha. Geuka kuutazama upepo uone ni ngapi. Kipimo chetu ni kwamba siku ukijiuliza kama upunguze, umeshachelewa robo saa.

*Nahofia kufunga gatini kuliko bahari. Sina wa kunirushia kamba. Nifanyeje?*
— Mlamu wa Porto, barua ya pili

Hofu yako ina mantiki, na bahati nzuri dawa yake ni kamba moja. Iite kamba ya kati. Ifunge katikati ya ubavu wa chombo, sehemu iliyo pana kuliko zote. Kwa mita 7, kamba iwe na urefu wa mita 3 hadi 3 na nusu mpaka kwenye kitanzi, na kitanzi kiwe kikubwa, mdomo wake umeshikizwa wazi kwa kipande cha bomba la maji la plastiki, ili ukirushe juu ya pembe ya chuma ya gati bila kushuka.

Kabla ya kuingia, ita uongozi wa marina kwa redio ya VHF, chaneli 09, uombe nafasi ambayo utaingia ukiutazama upepo. Tundika dafrao (mito ya kukinga ubavu) tano ubavu mmoja, tatu zikiwa karibu na katikati. Injini iende polepole kabisa. Ukifika, tupia kitanzi kwenye pembe iliyo usawa wa tezi (nyuma ya chombo), kisha acha injini ikisukuma mbele taratibu. Kamba inakazika, chombo kinataka kwenda mbele hakiwezi, kinajibana kwenye gati. Kana (mkono wa usukani) isukume upande wa gati: omo inajaribu kutoka nje, tezi inajaribu kuingia, vinalingana, chombo kinasimama sambamba kama kimegundishwa. Injini yako ni ya nje, na maji yake huenda yasiupige usukani, kwa hiyo igeuze injini nayo vilevile. Sasa una muda wote duniani wa kufunga omo na tezi. Injini izimwe mwisho.

Kosa la kila siku ni kushuka na kamba ya omo kwanza. Ukiivuta, omo inakuja, tezi inakwenda zake, na upepo unamalizia. La pili ni kuruka. Kama kitanzi hakijanasa, rudi nyuma uzunguke upya, hakuna anayekuhesabia.

*Nikidondoka baharini nikiwa peke yangu? Na usingizi je? Nimesikia mabaharia wa Ulaya hulala dakika 20 kwa 20.*
— Msomaji, Muscat

Kwa noti 4 chombo kinakwenda mita 123 kwa dakika. Maji ya pwani hiyo, hata Julai, mara nyingi ni nyuzi 15 hadi 18, kwa sababu nortada husukuma maji ya juu nje na ya baridi hupanda kutoka chini. Hutakifikia chombo kwa kuogelea. Basi kazi yote ni kutodondoka: mkanda wa mwili wenye kamba ya mita 1, si 2, ulioshikizwa kwenye ukanda unaopita katikati ya sitaha, siyo ukingoni. Kamba ndefu inakuacha ukiburutwa majini, kichwa chini. Juu ya jaketi lako weka kifaa cha kuita uokoaji cha masafa ya 406 MHz na redio ndogo isiyoingia maji. Ngazi ya nyuma iwe ya kuweza kushushwa na mtu aliye ndani ya maji.

Dakika 20 ni hesabu ya bahari kuu tupu. Meli ya noti 18 inakula maili 6 kwa dakika 20, na kutoka kwenye mashua ndogo penye ukungu (nao Ureno ni wa kiangazi) hutaiona hata maili moja. Kanuni ya 5 ya sheria za kuzuia migongano za 1972 inadai mtazamaji wakati wote. Kwenye pwani hii usilale njiani, lala bandarini. Kutoka Sines hadi Cabo de São Vicente, zaidi ya maili 55, hakuna bandari inayoingilika kila hali ya hewa. Lala mapema Sines, ondoka saa nane usiku, giza ulimalize ukiwa na akili mpya na upepo ukiwa bado umelala.

*Ni kweli nyangumi huvunja sukani?*
— Kijana wa Mombasa

Kweli. Tangu 2020 kundi dogo la orka, wale weusi wenye mabaka meupe, limekuwa likigonga sukani za mashua za tanga kutoka mlango wa Gibraltar hadi Galicia, na mashua kadhaa zimezama. Ushauri umebadilika njiani: awali watu waliambiwa wasimame, baadaye Uhispania ikashauri usisimame, uelekee maji mafupi. Wengi sasa hufuata kina kisichozidi mita 20. Wakifika, achia kana, maana ikipigwa inavunja mkono, kaa chini katikati, na ita kwa chaneli 16.

Shida ni kwamba mita 20 ndiko yaliko madema ya pweza, mamia, mengine yana boya la kopo tu. Tazama mkondo unakokwenda na upite upande huo wa boya, kwa kuwa kamba yake inayoelea imelala upande wa pili. Ukinasa, injini iwe huru mara moja, usijaribu kuikata kwa mapanga yake. Kisu chenye meno kifungwe kwenye mti wa mita 2 tangu nyumbani.