Dola yenye bei mbili: nitajuaje nchi jirani imeanza kuinuka?

Swali: Napeleka dagaa na mawese Bujumbura kutoka Kibirizi, Kigoma. Nalipwa faranga, na dola ina bei mbili, ya benki na ya magendo. Nchi iliyokwama kiuchumi na kisiasa huinukaje?

Jibu: Ndugu, anzia kwenye hizo bei mbili. Tuseme benki inanunua dola kwa faranga 3,000, mtaani 6,000. Muuza kahawa akipitisha dola zake benki, nusu ya jasho lake imekwenda. Basi kahawa inavushwa mpakani usiku, benki kuu inakosa dola za kuagizia petroli, foleni zinarefuka. Wachache wanaopata kibali cha kununua dola kwa bei ya benki wanatajirika bila kuzalisha chochote, na hao ndio watakaopinga mageuzi kwa nguvu zote. Kwa hiyo siasa haikwepeki.

Sisi tumeyapitia. Mwaka 1986 dola ilipanda kwa mkupuo kutoka shilingi 17 hivi hadi 40, na sheria ya 1992 ikaruhusu maduka ya kubadilisha fedha. Ulanguzi wa dola ulikufa kwa sababu bei ya benki iliikaribia ya mtaani. Misako ya miaka ya nyuma haikuumaliza.

Lakini serikali ikiendelea kulipia matumizi yake kwa kuchapa noti mpya, pengo la bei hizo mbili hurudi. Zimbabwe, chama tawala na upinzani vilipatana Septemba 2008, na mapema 2009 nchi ikaanza kutumia dola na randi. Mfumuko wa bei ukazimika. Mwaka 2019 sarafu ya ndani ilirudishwa watu wakiwa hawaiamini, na kufikia Julai 2020 bei zilikuwa zimepanda zaidi ya asilimia 800 kwa mwaka.

Usitegemee bei zishuke. Sri Lanka, mfumuko ulikaribia asilimia 70 Septemba 2022, mwaka mmoja baadaye ukawa 1.3. Bei ziliacha kukimbia tu. Mkate ulibaki ghali, na maumivu hayo ndiyo huangusha mageuzi njiani.

Wewe andika bei zote mbili kila wiki. Toa ya benki kwenye ya mtaani, gawanya kwa ya benki, zidisha kwa 100. Pengo likikaa chini ya asilimia 10 kwa miezi mitatu, na benki inamuuzia dola mtu asiyejuana na yeyote, mambo yameanza kukaa sawa. Likiziba kwa sababu walanguzi wamekamatwa, usilihesabu. Kwa sasa patana bei kwa shilingi, badilisha faranga siku hiyohiyo, na mzigo unaoukopesha usiuandike kwa faranga.