Uliza Saa ya Maji, Si Mwezi

Swali: Ni mwezi gani ufaao kwenda hori la Mida, Watamu, kutazama ndege wahamao? (Msomaji, Buruburu)

Jibu: Swali hili nimelijibu mpaka wino umenikauka. Ndege huanza kuwasili Agosti, na wengi huwa wameondoka Aprili ikiisha. Hakuna aniulizaye saa ya maji, ilhali hiyo ndiyo itakayoamua kama utaona ndege au tope. Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali hata darubini isiwafikie. Yakijaa, husogezwa kidogo kidogo hadi karibu na mikoko. Soma jedwali la maji kabla ya kukata tikiti ya treni, kisha ufike mapema, maji yangali yanapanda.

Swali: Simu yangu ina kamera nzuri. Inatosha? (Msomaji, Kasarani)

Jibu: Haitoshi. Azima darubini.

Swali: Tulipowakaribia wale ndege weupe wala kaa, wote waliruka. Tufanyeje ili tuwapige picha? (Msomaji, Lang'ata)

Jibu: Msiwakaribie. Hao huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya pande za Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi, wakitaga ndani ya mashimo wanayoyachimba wenyewe, nao huja kwetu kutafuta riziki. Vitwitwi wanaochokora tope kando yao wametoka Siberia, na kabla ya kurudi lazima wajaze mwili mafuta ya safari. Kila mnapowarusha, mafuta hayo yanateketea bure. Kaeni chini, mnyamaze. Mimi niliketi kwenye mizizi ya mkoko hadi ndege mmoja akakimbia hatua tano mbele yangu, akasimama tuli, kisha akamchoma kaa kwa ule mdomo wake mnene mweusi na kumtikisa mpaka miguu ikadondoka.

Swali: Likizo yangu ni Julai. Nitakuta kitu? (Msomaji, Umoja)

Jibu: Utakuta. Baadhi ya ndege wachanga hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza. Nenda pia mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ambako wakati wa kusi hutua ndege kutoka Madagaska wenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu. Ila usishangae ukiona chupa za plastiki katikati yao. Sabaki ni huo huo Athi unaopokea maji ya Mto Nairobi, na baadhi ya chupa hizo huenda zilianza safari nyuma ya nyumba yako.