Alsace iende Uswisi? Waswisi wenyewe wangekataa
Zii bana, hiyo ya kusema 1871 Alsace, lile eneo la mashariki mwa Ufaransa, ingepewa Uswisi badala ya Ujerumani kuibeba baada ya vita si wazo la ovyo, Mulhouse, mji wa huko Alsace, ilikuwa mshirika wa Waswisi toka 1515 mpaka 1798 ilipoingia Ufaransa, kwa huo mji nakubali hoja. Shida ni Waswisi. Cheki Vorarlberg, jimbo la Austria linalopakana na Uswisi, Mei 1919 kama asilimia 80 walipiga kura kutaka mazungumzo ya kujiunga na Uswisi na bado ikakwama, moja ya sababu ni Waswisi Waprotestanti na wale wanaoongea Kifaransa hawakutaka Wakatoliki wanaoongea Kijerumani waongezeke. Sasa Alsace, yenye watu wengi mara kadhaa na Wakatoliki tele? Alafu Bismarck, chansela wa Ujerumani, aachilie Strasbourg, mji mkubwa wa Alsace, hivi hivi tu, ati kwa roho safi?