Maswali ya Wasomaji: Printa za Mabango na Mistari Isiyokwisha

SWALI: Ninatumia printa ya mabango ya wino wa eko-solventi. Asubuhi karatasi ya majaribio hutoka kamili, lakini nikichapa mita moja au mbili za rangi nzito, mistari myeupe hujitokeza katika majenta, na nikiendelea rangi hiyo hupotea kabisa. Nikisafisha hedi, yaani kichwa kinachorusha wino, rangi hurudi, kisha hali hujirudia. Fundi amenishauri ninunue hedi mpya. Je, hii imekufa kweli?

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa, usinunue hedi bado. Nozeli, yaani kitundu cha hedi kinachotoa wino, ikiziba kwa wino mkavu haiwi nzima asubuhi na bovu saa moja baadaye. Huwa imeziba tangu mwanzo, na pengo lake hukaa palepale kila unapochapa karatasi ya majaribio. Ndiyo maana ni vyema kuchapa karatasi hiyo mara mbili mfululizo, bila kusafisha chochote katikati, kisha kuzilinganisha. Mapengo yakibaki mahali pamoja, tatizo liko kwenye nozeli zenyewe. Yakihamahama, kuna hewa ndani au wino haufiki wa kutosha. Nozeli zako zinafanya kazi, ila hazilishwi kwa kasi inayohitajiwa na rangi nzito, na kwa kuwa inayoathirika ni majenta peke yake, chanzo kimo katika njia ya rangi hiyo, kuanzia kwenye tangi au katriji hadi juu ya hedi.

Anza na mambo mepesi. Kama printa inalishwa kwa matangi, hakikisha tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi la majenta halijaziba, kwa sababu wino ukipungua bila hewa kuingia kushika nafasi yake, tangi huanza kuuvuta wino kurudi nyuma. Kisha fuata mrija wake wote ukiangalia kama umejikunja au una mapovu. Baada ya hapo njoo kwenye dampa, yaani kile kikopo kidogo chenye chujio kinachokaa juu ya hedi. Zima printa, uchomoe waya wa umeme ukutani, toa dampa, kisha uvute wino taratibu kwa bomba la sindano kupitia tundu lake la chini. Wino ukija kwa uzito, chujio limejaa chembe za rangi au mrija umeziba. Ukija na mapovu yasiyokwisha, hewa inaingia kwenye kiungio, na mara nyingi kijipete cha mpira kilichopo hapo kimechoka. Dampa haisafishwi ikapona; hubadilishwa.

Kuhusu kusafisha hedi mara kwa mara, nadhani ndiko kulikokupoteza. Pampu inapovuta wakati wa usafishaji, huujaza upya ule mkondo uliokauka, nawe ukadhani nozeli zimezibuka, kumbe umenunua mita mbili nyingine kwa wino unaokwenda kwenye chupa ya taka.

Iwapo ingekuwa rangi zote zinapotea, ningekuelekeza kwenye kepu, kifuniko chenye ukingo wa mpira ambacho hedi hutua juu yake inapopumzika. Kepu ina kazi mbili: kuzuia nozeli zisikauke, na kushikamana na hedi ili pampu ipate kuvuta. Wino ukiganda kwenye ukingo wake, hata kwa unene wa ukucha, hewa hupenya na kazi zote mbili huharibika. Sogeza hedi kando, jaza kepu dawa ya kusafishia, kisha uamuru pampu ivute. Dawa ikibaki, pampu au mrija wake una kasoro. Ikinyonywa upesi lakini usafishaji bado hausaidii, ukingo haushikani na hedi. Nathubutu kusema kwamba hedi nyingi zinazotupwa zilihitaji tu kepu mpya.

Usikubali mtu yeyote asukume dawa ndani ya hedi kwa nguvu ya bomba la sindano, kwani shinikizo hilo huweza kupasua viungio vya ndani, na tangu hapo rangi zikawa zinachanganyika bila tiba. Maji nayo hayafai kwa wino wa solventi, kwa sababu huugandisha. Aidha, tone moja likifika kwenye utepe wa nyaya za hedi na umeme ukawashwa kabla halijakauka, laweza kuunguza hedi pamoja na bodi.

SWALI: Karatasi ya majaribio ni kamili, lakini kazi yenyewe ina mistari ya kukata upana, yenye nafasi sawasawa. Nifanye nini?

JIBU: Nafasi zikiwa sawa, tazama jinsi vainili, yaani plastiki ya bango unayochapia, inavyosogezwa. Mistari myeupe maana yake inasogezwa kupita kiasi. Mistari myeusi maana yake inasogezwa pungufu, hivyo mapito ya hedi yanapandiana. Rekebisha kipimo hicho kwenye menyu ukitumia vainili ileile utakayochapa, na hita ziwe tayari zimepata joto, kwa kuwa vainili ya moto hutanuka na kipimo cha asubuhi hakitaifaa.

SWALI: Nitasafiri kwa wiki tatu, na printa yangu ina wino mweupe. Je, niizime?

JIBU: Ikiwa umeme ni wa kutegemewa, iache kwenye hali ya kusubiri bila kuzima swichi kuu, kwa maana printa nyingi za aina hii hujisafisha zenyewe kwa vipindi. Kabla ya kuondoka, futa waipa (kile kijiupande cha mpira kinachopangusa hedi) na ukingo wa kepu kwa kijiti cha sponji chenye dawa, bila kugusa uso wa hedi, kisha uhakikishe hedi imetua sawasawa juu ya kepu. Chupa ya taka imwagwe, la sivyo itafurika wakati hupo. Utoe pia vainili, kwa kuwa ikikaa imebanwa na magurudumu hubaki na alama, na kingo zake zikijikunja zitaigonga hedi siku ya kwanza ya kazi.

Wino mweupe ndio wenye shida. Rangi yake hutokana na titani dioksidi, ambayo ni nzito na hutuama chini ya katriji na ndani ya mirija hata printa ikiwa imewashwa. Kama printa haina mfumo wa kuuzungusha, mwombe mtu aje kuitikisa katriji polepole na kuchapa kipande kidogo cheupe kila baada ya siku chache. Asipopatikana, fuata utaratibu wa mtengenezaji wa kuondoa wino mweupe na kujaza njia yake dawa ya kusafishia, hata kama wino huo utapotea.