Anza na kasha la leso

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuandika habari za babu na bibi yako, waliopendana mpaka uzeeni lakini hawakuacha barua wala picha. Fungua kasha la bibi. Cheti cha kadhi kikipatikana kitakupa tarehe tu.

Sisi kwetu Kibokoni, Mombasa. Babu alikuwa kuli Kilindini, na kila akilipwa hupita Biashara Street kununua doti ya leso, yaani khanga mbili zilizoungana, kabla ya kufika nyumbani. Sasa, babu alisoma chuo cha Kurani tu. Leso za zamani majina yake, yale maneno ya chini, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, hizo alizisoma bila shida. Zilipokuja za herufi za Kirumi ikabidi muuzaji amsomee. Siku moja Idi imekaribia, duka limejaa, akaona haya kuuliza. Akachagua kwa macho: nyekundu, pindo jeusi, korosho kubwa katikati ya mji, ile sehemu ya ndani ya pindo. Bibi kuikunjua, anasoma: NILIDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU.

Hakusema neno. Akaikata, akaipinda, Ijumaa akajifunga na kumpakulia mumewe wali. Babu akasifu, rangi imekukubali! Ilipita miaka ndipo mjomba akamsomea. Tangu hapo wakigombana (na waligombana, tusidanganyane) bibi hakufungua mdomo. Aliianika ile nyekundu kambani, na babu akaiona, akatoka mwenyewe kwenda kutafuta mahamri na mbaazi.

Babu alipofariki bibi alikaa eda miezi 4 na siku 10, bila wanja wala marashi. Baada ya hapo ndipo tulipolifungua kasha. Jioni mbili nzima, leso zaidi ya 40: hii ya alipozaliwa mama, hii ya arusi ya shangazi, hii babu alikopa pesa. Nilirekodi kwa simu, nawe urekodi. Usimuulize mzee mwaka, atachoka na wewe. Mpe leso mkononi, muulize nani alinunua na kulikuwa na nini siku hiyo. Zenye herufi za Kiarabu ziweke kando, kwa kawaida hizo ndizo kongwe.

Ile nyekundu tulikuta upande mmoja tu. Nikauliza wa pili uko wapi.

"Babu yako alikuwa akijifunika usiku mpaka ukararuka," akasema bibi. "Ati rangi yake nzuri."