Shangazi, hakuna aliyenifunga

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Kizota na wa Hombolo, huko Dodoma. Shangazi, shikamoo.

Ule ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la familia nimeusikiliza mara tatu. Dakika nne na ushee, na huku nyuma jogoo anawika. Uliuliza hivi, kwa kuwa niliondoka msibani kwa baba kabla ya arobaini: "Mwenzetu huyu amefungwa na makaratasi, au makaratasi ndiyo kisingizio?" Kuna walioweka vicheko. Mama hakuweka kitu, na hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Leo Jumapili siko zamu, wazee ninaowahudumia kituoni wanaogeshwa na mwenzangu, kwa hiyo nakujibu, na sikufichi.

Hakuna aliyenifunga. Mtu mwenye grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, akishapeleka ombi la uraia wa Marekani, ile fomu wanayoiita N-400, bado anaruhusiwa kutoka na kuingia kama jana. Hawachukui pasipoti, hawakuwekei alama uwanja wa ndege, huombi ruhusa kwa mtu. Ombi nililipeleka Aprili mwaka huu, 2024, kwa njia ya mtandao, nikalipa dola 710, na Agosti nikapanda ndege kuja kumzika baba kwa pasipoti yetu ileile na kadi yangu ileile. Mliniona. Kwa hiyo anayesema "wanamzuia" anakosea, hata kama anasema kwa kunitetea.

Kinachonitawala ni hesabu ya siku.

Unakumbuka 2022, mama alipopata kiharusi? Nilikaa Dodoma siku 171. Nilikuwa namgeuza kitandani, nampikia uji wa uwele, jioni namtoa barazani apate upepo. Kisha mwanzoni mwa Julai nikaondoka ghafla, na wewe mwenyewe ulisema pale uani, nikiwa nafunga begi, kwamba Ulaya imenigeuza jiwe. (Siko Ulaya, shangazi, niko Ohio, lakini najua kwetu kote huko ni Ulaya.) Sikuwa jiwe. Sheria yao inamtaka anayeomba uraia awe ameishi mfululizo miaka 5 na grinikadi, au 3 kama ameolewa au ameoa raia wao na wanaishi pamoja. Ukitoka nje kwa safari moja ikapita miezi 6, wanachukulia kwamba umeukata mfululizo, na ni juu yako kuleta ushahidi kwamba hukuhama. Ikifika mwaka mzima, umekatika kweli, unaanza kuhesabu karibu upya. Mimi nilikuwa nimebakiza siku chache kugusa huo mstari. Mama alikuwa ameanza kushika kikombe kwa mkono wa kulia. Nikaona nikiondoka sasa, naondoka akiwa na nafuu.

Na kuna hesabu ya pili inayokwenda sambamba na hiyo: katika ile miaka 5 lazima uwe umekuwepo huko kimwili angalau miezi 30, yaani nusu. Hiyo haikunisumbua, nilikuwa na karibu siku 1,600. Ila wapo watu wetu wanaokaa na grinikadi huku biashara zao ziko Kariakoo, kila baada ya miezi mitano wanaingia Marekani wiki mbili na kutoka. Hao mfululizo wanaweza kujidai nao, miezi 30 hawana. Halafu wanashangaa.

Sasa Agosti. Simu iliita saa nane usiku, kwenu ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumapili ya tarehe 4. Kazini wananipa siku tatu za msiba zenye malipo. Tatu, shangazi, na safari peke yake inakula mbili. Zilizobaki ni bila malipo. Tiketi niliikata kwa kadi ya mkopo, hadi leo nailipa na riba yake. Nilishuka Dar Jumatano, nikawahi treni mpya ya SGR ambayo ilikuwa na siku chache tu tangu ianze kufika Dodoma, na nakiri, katika huzuni yote ile nilishangaa kuona Morogoro inapita dirishani kama picha. Baba alikuwa akiisubiri sana hiyo treni. Alhamisi tukazika.

Nilikuwa nimepanga kukaa hadi arobaini ipite, katikati ya Septemba. Mliambiwa hivyo na ilikuwa kweli. Tarehe 14 Agosti, tukiwa tumekaa turubaini na wazee wa Hombolo, rafiki ninayepanga naye nyumba akanitumia picha ya barua: mahojiano ya uraia, tarehe 29 Agosti, saa tatu asubuhi. Barua zao zinakwenda kwenye sanduku la nyumbani, na tarehe wanakupangia wao. Haiulizwi kama una msiba.

Nikawaambia nyote, "Nimeitwa na serikali, lazima niende." Tarehe 24 nikaondoka, siku ya ishirini, nusu ya arobaini.

Hapa ndipo penye kisingizio, shangazi, nawe ulinusa vizuri. Ningeweza kuomba wanibadilishie tarehe. Inaruhusiwa. Unaandika mapema, unaeleza sababu, na msiba wa mzazi ni sababu nzuri kuliko nyingi wanazozipokea. Wasichokisamehe kirahisi ni kutotokea bila taarifa: ukikaa kimya siku 30, ombi linahesabika limetelekezwa na faili linafungwa. Una mwaka mmoja wa kuomba lifunguliwe, ukipita unalipa upya. Lakini anayeandika anapangiwa tarehe nyingine.

Sikuandika. Niliogopa kwamba hiyo tarehe nyingine ingekuja baada ya miezi sita, au nane, hakuna anayekuahidi. Niliogopa kazi, maana msimamizi alishaniuliza mara mbili narudi lini. Na niseme na hili, kwa sababu umesema tuambiane ukweli: nilikuwa nimechoka. Kila aliyekuja kunipa pole alinivuta pembeni kuniambia shida ya ada, au ya bati, au ya mtoto anayetaka kuja huku. Siku ya kumi sikuwa na kitu mfukoni wala cha kujibu. Barua ilipokuja nililia, na sehemu ya kile kilio ilikuwa nafuu. Nisamehe kwa hilo. Kwa baba nilishaomba msamaha peke yangu, kule kaburini, asubuhi ile kabla ya kwenda stesheni.

Mahojiano yenyewe yalichukua dakika kama 25. Ofisa ni mama mmoja mtu mzima, sauti ya chini. Kwanza anakuapisha useme kweli. Halafu akafungua fomu na kuanza na safari, maana mle ndani unaandika kila safari ya zaidi ya saa 24 uliyotoka nje ya nchi kwa miaka 5, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Akauliza kama nimesafiri tangu nipeleke ombi. Nikasema ndiyo, nimezika baba, nimerudi siku nne zilizopita. Akainua macho, akasema pole, akaandika tarehe. Basi. Ile safari niliyodhani itanipunguzia maksi haikumtikisa hata kidogo. Iliyomtikisa ni ya 2022. Hizo siku 171 aliziuliza kwa njia tatu tofauti: nilikuwa wapi, kazi niliiacha, nyumba je? Nilikuwa na barua ya daktari wa mama, risiti za kodi ya nyumba niliyoendelea kulipa, na marejesho ya kodi ya mapato ya mwaka huo. Kisheria nilikuwa chini ya miezi 6, nisingelazimika kubeba furushi lote lile, lakini nilikuwa nimekaribia mno.

Maswali ya historia na uraia, kwa sisi tulioomba 2024, yalikuwa 100 ya kujifunza, waliuliza hadi 10, ukipata 6 ilitosha. Nilipata sita za mwanzo mfululizo akaacha. Kusoma sentensi moja, kuandika moja. Nilipotoka nilikuta mvua nikakaa kwenye gari la rafiki bila kusema neno.

Wewe mdogo wangu wa Dallas, uliyeniuliza pembeni kama uje harusi ya Desemba na ombi lako likiwa halijajibiwa, na ukaniomba nisikutaje: njoo. Safari fupi haina neno. Mpe mtu unayemwamini ufunguo wa sanduku la barua na mwambie akupigie picha kila bahasha. Angalia na akaunti yako ya mtandaoni. Kama umehama nyumba, waandikie ndani ya siku 10, maana barua ikienda anwani ya zamani hasara ni yako. Kata tiketi inayobadilishika hata kama ni ghali zaidi, mimi sikufanya hivyo na kubadilisha siku kulinigharimu karibu nusu ya nauli nyingine. Na tarehe zako ziandike kwenye daftari la karatasi. Simu huanguka chooni.

Sasa kuna kitu hata mimi sikukijua hadi nilipofika hapa nilipo, Oktoba hii, mahojiano nimepita na nangoja barua ya kiapo. Muda wa kusubiri si muda wa kifungo. Kifungo, kama kipo, kinakuja baada ya sherehe. Siku ya kiapo unafika na fomu ambayo nyuma yake wanakuuliza tena kama umetoka nje ya nchi tangu mahojiano. Kisha unawakabidhi grinikadi. Wanaichukua kabisa. Unainua mkono, unaapa, unapewa cheti cha uraia, watu wanapiga makofi, na kuanzia dakika hiyo huwezi kusafiri. Cheti si hati ya kusafiria. Raia wao anatakiwa kutoka na kuingia kwa pasipoti yao, nayo hujaiomba bado. Na ili uiombe unawapelekea hicho cheti chenyewe, unalipa dola 165, unaongeza 60 ukitaka waharakishe, unangoja wiki kadhaa. Na ile pasipoti yetu je? Kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, mtu mzima akijitwalia uraia wa nchi nyingine, wa Tanzania unamtoka hapohapo. Kuitumia baada ya hapo ni kudanganya ofisa wetu dirishani. Miaka yote hii mnasema nina makaratasi, na siku nitakayopata karatasi kubwa kuliko zote ndiyo nitakayobaki sina ya kunivusha mpaka.

Ndiyo maana namwomba Mungu mama awe mzima wiki hizo. Likitokea la kutokea, kuna ofisi za pasipoti zinazohudumia dharura za ugonjwa mzito au kifo cha mzazi, wanakutolea ndani ya siku chache. Nimeshaandika namba yao mlangoni kwa friji.

Kuhusu shamba la zabibu. Kaka ameniambia mnataka kuandika majina ya watoto wote wa marehemu. Langu msiliandike. Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyo mwaka huu wa 2024, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na sitaki siku moja mtu wa baraza aje aseme shamba la mzee lina mgeni ndani yake. Andikeni mama na dada. Hiyo hadhi maalumu kwa sisi wa nje ambayo mwaka huu wa 2024 bado wanaizungumza hapo kwenu Bungeni, ikifika nitaipokea kwa mikono miwili, lakini siwezi kupanda miche kwenye maneno. Hela ya dawa na ya kumlipa kijana wa kumwagilia nitaendelea kutuma, jina likiwepo au lisiwepo.

Hapa mtaani majirani wamejaza mabango ya uchaguzi wao wa Novemba, mimi bado sina kura. Nyie mmejiandikisha kwa serikali za mitaa, huko nako sipo. Mzee mmoja kituoni ananiuliza kila asubuhi nitampigia nani. Namwambia chai iko tayari.

Kujengea kaburi tumesema Desemba. Barua ya kiapo isipofika kabla ya hapo, nakuja na kadi yangu na pasipoti yetu, nakaa wiki tatu, narudi. Ikifika na tarehe ikaangukia humo, safari hii nitaandika waisogeze. Nimeshaandaa maneno yenyewe, yako kwenye simu. Mama aliniuliza juzi, akiwa ameweka spika bila kujua kwamba wote mnasikia: "Sasa ukija, pale uwanja wa ndege utapita mlango wa wenyeji au wa wageni?" Baadaye nitasimama kwa wageni na dola 100 za viza mkononi. Lakini Desemba hii, mama, napita palepale pa siku zote.