Jibu: Mnemba, boti yenu ao ya kundi?

Dada, umeuliza kama wewe na bwana, watu wa kuogelea ziwa Kivu tu, mukienda kutazama samaki chini ya maji kule Mnemba, kisiwa kidogo cha Zanzibar, mukodi boti yenu wenyewe ao muingie ya kundi. Kodini yenu. Si ufahari, ni saa: munapatana na nahodha muondoke mapema, kabla pale pajae mapezi ya kuogelea ya watu yanayokupiga usoni. Ila yeye ndiye anapima maji kupwa na kujaa, jambo ambalo sisi wa Goma hatulijui ziwani, kwa hiyo musibishane naye.

Maji ya chumvi yanabeba mwili kuliko ya Kivu, mutashangaa. Vaeni jaketi okozi hata hivyo. Mimi siku ya kwanza kioo cha miwani ya kuogelea kilijaa ukungu, samaki nikawaona kama vivuli. Kijana wa boti akacheka, akakitemea mate, akapangusa kwa kidole, akasuuza baharini. Kikawa safi kabisa! Kinyaa kiliniisha palepale.

Matumbawe yanafanana na mawe lakini ni wanyama hai, usisimame juu yake hata ukichoka. Shika kamba ya boti. Vaa shati la mikono mirefu, mgongo unaungua bila kujisikia.

Kisiwani penyewe hamushuki, ni pa hoteli. Na kabla ya kupanda, ulizeni bei kama ina vifaa na ada ya hifadhi ndani. Mimi niliulizia katikati ya bahari.